Databesi Wamefunga Kufuli, Lakini Kopi Yake Iko Wapi? Vile Bakapu Huchoma Wasee

Hebu rudisha wiki yako nyuma kidogo. Jumatatu ulijaza fomu ya apu ya mkopo. Ikaitisha kitambulisho, namba yako ya simu na namba ya mtu wa karibu, ukawapa ya mathe. Jumatano ulinunua tikiti ya shoo mtandaoni. Ijumaa ulipitia kliniki kwa sababu kuna kitu ilikuwa inakusumbua, ukaulizwa maswali ya ndani kabisa, na ukajibu ukweli maana daktari hadanganywi.

Hizo zote sai ziko kwa databesi ya mtu. Hiyo unajua. Kenye pengine hujui ni kwamba kila databesi ya maana ina pacha.

Usiku wa manane, ukiwa umelala ama bado uko raha, seva inajinakili. Hiyo nakala ndio wasee wa IT huita bakapu. Ni kama spea ya mathree: hakuna mtu anaomba itumike, lakini siku tairi itapasuka pale Salgaa kila abiria atashukuru kwamba ilikuwa chini ya gari. Aprili 2023 Naivas walitoa taarifa wakasema wenyewe wamevamiwa na wale wadukuzi wa kufunga mafaili kisha wanaitisha pesa ndio wafungue. Kwa vita kama hiyo, kampuni yenye bakapu safi ina nafasi ya kusimama tena bila kumlipa mwizi. Kwa hivyo hatujakuja hapa kuteta kuhusu bakapu. Tumekuja kuuliza nani anazilinda.

Tuanze na simu yako, ndio usione ni mambo ya makampuni makubwa tu.

WhatsApp ilimaliza kufumba meseji za kila mtu Aprili 2016. Kutoka hapo meseji ikitoka kwako ikifika kwa manzi yako, hata WhatsApp wenyewe hawaisomi. Poa sana. Lakini zile chati zako pia zinahifadhiwa kama databesi ndogo ndani ya simu, na watu wengi wameruhusu kopi yake iende Google Drive ama iCloud kila usiku. Hiyo kopi, kwa miaka zaidi ya 5, haikuwa na ule ulinzi wa mwanzo hadi mwisho. Ni Oktoba 2021 ndio WhatsApp waliweka njia ya kuifunga na paswadi yako mwenyewe ama ufunguo wa tarakimu 64. Na hata hiyo ni hiari. Imezimwa mpaka uingie kwa mipangilio ya chati uiwashe kwa mkono wako.

Kuna mzee mmoja wa Marekani, Paul Manafort, aliyewahi kuongoza kampeni ya Trump. Mwaka wa 2018 waendesha mashtaka walimwambia korti kwamba alikuwa anajaribu kuwafikia mashahidi, na sehemu ya ushahidi wao ilitoka kwa akaunti yake ya iCloud. Chati zilikuwa zimefumbwa. Kopi ndio ilimchoma.

Sasa chukua hiyo picha uipeleke kwa kampuni yenye wateja milioni moja.

Databesi yenyewe huwa na heshima yake. Iko nyuma ya paswadi, inaandika ni nani ameingia saa ngapi, na kuna msee analipwa mshahara kuichunga. Bakapu ni faili moja tu. Inaingia kwa flashi. Inatumwa kwa email. Inakaa kwa laptopu ya fundi aliyesare kazi mwaka juzi na hakuna mtu alimuuliza amebeba nini.

Na hapa kuna kitu ya kiufundi ambayo nataka uishike vizuri, kwa sababu ndiyo inaangusha watu. Kampuni nyingi hutumia databesi za MySQL ama PostgreSQL. Programu zao za kutoa nakala, mysqldump na pg_dump, usipoziambia vingine zinatoa maandishi ya kawaida kabisa. Majina, namba za simu, vitambulisho, yote yanasomeka kama gazeti. Na inakuwa hivyo hata kama diski ya seva imesimbwa, maana programu inasoma data ikiwa tayari imefunguliwa, kisha inaiandika upya mahali pengine. Kusimba, kama hilo neno ni geni, ni kupitisha faili kwa hesabu fulani mpaka ibaki uji wa herufi na namba. Asiye na ufunguo haambulii kitu.

Kwa hivyo siku kampuni itasimama mbele ya kamera iseme "databesi yetu imesimbwa", inaweza kuwa inasema ukweli mtupu, na bado bakapu iko uchi nyuma ya nyumba.

Stori ya Australia inaonyesha vizuri. Mwaka wa 2016, huduma ya damu ya Red Cross huko ilikuwa na tovuti ya kuweka miadi: unajaza fomu, unachagua siku, unaenda kutoa damu. Tovuti ilikuwa inaendeshwa na kampuni ya nje. Tarehe 5 Septemba mfanyakazi wa hiyo kampuni ya nje aliweka faili ya bakapu kwa seva ambayo mtu yeyote duniani angeweza kuifikia. Hakuna mlango ulivunjwa. Ni mkono tu uliteleza.

Faili ilikuwa na gigabaiti 1.74. Ndani kulikuwa na taarifa za watu kama 550,000: majina, simu, email, tarehe ya kuzaliwa, aina ya damu. Na kulikuwa na jibu la swali moja ambalo kama umewahi kukaa kwa tenti ya kutoa damu town unalijua: ndani ya miezi 12 iliyopita, umefanya ngono ya hatari?

Ilikaa hapo wazi karibu wiki 7. Tarehe 25 Oktoba msee mmoja aliyekuwa anazunguka mtandaoni akitafuta seva zilizoachwa wazi akaipata, akaishusha, kisha akamtafuta Troy Hunt, mtaalamu wa usalama wa huko Australia, yule mwenye tovuti ya Have I Been Pwned. Hunt mwenyewe hutoa damu. Akajikuta ndani ya faili.

Bahati yao, aliyeipata hakuimwaga mtaani, na nakala zikafutwa. Lakini angalia hiyo tovuti ilikuwa ya nini. Haikuwa ya maabara wala ya majibu ya vipimo. Ilikuwa ya kuweka miadi. Ukikaa kwa mkutano wa ofisi uulizwe ni mifumo gani ina siri za watu, fomu ya miadi haingekuja hata kwa kumi bora.

Na hapo ndio ngori yenyewe iko. Makampuni mengi hayakatai kusimba bakapu. Yanachagua. Mtu anakaa chini na listi: hii ya malipo tusimbe, maana benki watatuuliza. Hii ya mishahara pia, maana bosi ako ndani. Hii ya malalamiko ya wateja, wacha. Ile kopi ya majaribio ya mafundi, wacha. Hii ya fomu ya tovuti, ni fomu tu, wacha.

Msee anayechagua anaangalia nini itaumiza kampuni. Haangalii nini itakuumiza wewe. Ile meseji uliandikia huduma kwa wateja saa tano usiku, ukieleza mbona umechelewa kulipa, ukataja ugonjwa wa buda, ukataja kufutwa kazi, iko kwa ile listi ya "wacha".

Hata wale ambao kazi yao ni siri huchagua vibaya. LastPass ni kampuni ya kuhifadhi paswadi. Wewe unakumbuka paswadi moja kuu, wao wanakuwekea zile zingine zote. Agosti 2022 walisema kuna mtu ameingia upande wa mafundi wao. Siku chache kabla ya Krismasi, tarehe 22 Desemba, wakarudi na habari mbaya zaidi: mwizi amebeba kopi ya bakapu ya masanduku ya wateja.

Paswadi ndani ya masanduku zilikuwa zimesimbwa. Majina ya kuingilia pia, na zile noti za siri. Lakini anwani za tovuti hazikuwa zimesimbwa.

Unaona kama kitu kidogo? Fikiria mwizi amebeba sefu yako nzima. Hajaifungua, lakini kwa mlango umebandika karatasi: ndani kuna hati ya ploti ya Kitengela, dhahabu ya mathe, na doo ya chama. Anwani za tovuti ndiyo hiyo karatasi. Zinasema benki yako ni gani, kama uko kwa tovuti ya kutafuta wapenzi, kama una akaunti ya kripto. Na kwa hiyo mzigo mwingine walioiba kulikuwa na majina, email na namba za simu za wateja. Mwizi anajua aanze na nani, na anajua akikupigia simu ajifanye ametoka wapi. Sisi hapa hatuhitaji kuelezwa hiyo sehemu. Kila Mkenya ameshapigiwa na mtu anayejifanya kastoma kea.

Kuna utamu mwingine mchungu kwa hiyo stori. Bakapu zenyewe, pale zilipokuwa zimewekwa kwa klaudi, zilikuwa na kufuli ya pili. Ni mafundi 4 peke yake kwa kampuni nzima waliokuwa na funguo zake. Mwizi hakuhangaika na kufuli. Alimwendea mmoja wa hao 4 kwa kompyuta yake ya nyumbani, akaingilia kwa programu ya kuangalia filamu na muziki iliyokuwa na tundu, akapanda kitu ya kurekodi kila herufi inayopigwa kwa kibodi, akangoja msee aandike paswadi yake kuu. Kwisha.

Na bakapu iliyoibiwa haizeeki haraka. Ukijaribu paswadi mbaya mara nyingi kwa apu, akaunti inafungwa. Lakini mwizi mwenye faili mkononi hakuna mtu wa kumfungia. Anaweza kukisia usiku kucha, mwaka baada ya mwaka, na kompyuta zake zinazidi kuwa na nguvu. Wewe ulibadilisha paswadi? Poa, lakini ile kopi yake ilipigwa picha kabla ubadilishe.

Sasa utauliza, mbona wasisimbe kila kitu tu wamalizane?

Nimeskia sababu zote. Ya kwanza ni ati inachosha mashine. Hiyo ilikuwa na maana kitambo. Intel wameweka hiyo hesabu ndani ya prosesa zao tangu 2010. Ya pili ni ati faili inakuwa kubwa. Hapana, unaibana kwanza ndio unasimba, ukigeuza mpangilio ndio inakataa kubanika. Ya tatu ni bei, lakini gpg ni ya bure, na SQL Server ya Microsoft imekuwa na uwezo wa kusimba bakapu tangu toleo la 2014.

Ya nne ndio ya ukweli, na siwezi kuicheka: ufunguo ukipotea, bakapu imekufa. Seva imeungua saa tisa usiku, kampuni imesimama, bakapu iko hapo nzima kabisa, na ufunguo ulikuwa kwa msee aliyehamia Kigali. Hakuna wa kumpigia. Ndio maana fundi mwoga anaona afadhali aache faili wazi kuliko ajifungie nje ya nyumba yake.

Lakini hiyo woga ina dawa. Kuna aina ya kusimba yenye funguo mbili, moja ya kufunga na nyingine ya kufungua. Fikiria sanduku la sadaka: kila muumini anatia noti, lakini kulifungua ni kazi ya mweka hazina. Seva inapewa ule wa kufunga pekee. Ule wa kufungua unawekwa mbali, kopi mbili, watu wawili tofauti, na kila baada ya muda mnajaribu kufungua bakapu moja kuona kama bado inakubali. Hata mwizi akiingia kwa seva leo, hapo hapati ufunguo wa kufungua zile za jana. Kuweka bakapu na ufunguo wake kwa folda moja, na nimeona hiyo na macho yangu, ni sawa na kuacha ufunguo wa keja chini ya kamkeka.

Maoni yangu ni hiyo listi igeuzwe. Kila bakapu isimbwe, na anayetaka moja ibaki wazi ndiye aandike sababu, aweke jina na sahihi. Utashangaa vile sababu zitaisha.

Tuje kwa sheria yetu, maana hapa ndio mambo inakuwa ya kwako moja kwa moja.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kifungu cha 41 kinataja kusimba waziwazi kama njia mojawapo ya kulinda data tangu mwanzo wa kazi. Kifungu cha 43 kinasema data ikiingiliwa na kuna hatari ya kweli kwa mwenye data, kampuni imwambie Kamishna wa Data ndani ya saa 72 baada ya kujua. Na ikuandikie wewe pia, bila kuchelewa bila sababu.

Halafu kuna mstari ambao watu hawausomi. Sheria inasema kampuni haitahitajika kukuambia wewe kama ilikuwa imeweka ulinzi unaofaa, na inataja kusimba kama mfano wa ulinzi huo.

Kwa upande mmoja hiyo ni haki. Kama mwizi amebeba uji wa herufi na hana ufunguo, hakuna haja ya kuamsha watu milioni moja usiku. Tena ni motisha: ukisimba, hata siku mbaya ikifika, unaokoa jina lako. Kampuni ya Kenya ambayo bado inasema kusimba ni gharama haijasoma hicho kifungu.

Kwa upande mwingine, kuna mlango wa kuhepea hapo. "Ilikuwa imesimbwa" inaweza kumaanisha vitu vingi sana. Ilisimbwa yote, ama baadhi ya sehemu kama ile ya LastPass? Ni databesi ilisimbwa, ama ni ile kopi iliyobebwa? Na ufunguo ulikuwa wapi usiku huo? Kama ufunguo umeenda pamoja na faili, hakuna ulinzi wa kuzungumzia, na kimya ya kampuni inakuumiza mara mbili. Hujui, kwa hivyo hubadilishi paswadi, humwonyi mathe ambaye namba yake uliwapa, na wakora wakipiga simu wakitaja jina lako kamili na namba ya kitambulisho, anaamini.

Adhabu nayo? Kamishna anaweza kutoza hadi shilingi milioni 5 ama asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliopita, na inachukuliwa ile ya chini. Soma tena hapo mwisho: ya chini. Kwa duka dogo la mtaani hiyo ni afueni. Kwa kampuni ya mabilioni, milioni 5 ni bajeti ya pati ya mwisho wa mwaka.

Lakini usiseme hiyo ofisi imelala. Septemba 2023 ilipiga faini shule moja ya Uthiru shilingi milioni 4.55 kwa kuposti picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Klabu ya Casa Vera Lounge ikapigwa milioni 1.85 kwa kuposti picha ya mteja akijienjoi. Kampuni ya mikopo, Mulla Pride, ikapigwa karibu milioni 3 kwa kutumia namba za watu kuwatisha. Angalia hizo kesi zote: ni vitu mtu aliona kwa macho, picha ama meseji. Bakapu haionekani. Hakuna mtu anaenda kulalamika kuhusu faili hajawahi kuona, na ndio maana inabidi wewe uanze kuuliza.

Kifungu cha 26 kinakupa haki ya kujua data yako inatumiwa vipi, kuiona, na kuitisha ifutwe kama ni ya uongo ama inapotosha. Ukiitisha ifutwe, uliza pia kuhusu bakapu, maana kufuta kwa databesi hakufuti zile kopi za miezi iliyopita. Andika email fupi, kwa lugha yoyote: nakala zangu ziko wapi, zimesimbwa, ufunguo unakaa na nani, na zinafutwa baada ya muda gani. Wakikupuuza, malalamiko kwa Kamishna yanafaa kuchunguzwa na kumalizwa ndani ya siku 90.

Na kama wewe ndio yule msee wa IT, na najua mko wengi mnasoma hapa mkingoja programu imalize kupakia, kuna kitu ya dakika mbili. Tafuta faili ya bakapu ya jana usiku. Usiiguse na chombo chochote spesheli, ifungue na Notepad ya kawaida. Ukikuta ni uji, hakikisha imesimbwa kweli na si kubanwa tu, kisha rudi kwa kazi yako. Ukikuta jina la mtu na namba yake ya simu, usirudi.